"Mpe Mama Simu": Uzoefu Wangu na Maboksi ya Masomo ya Chekechea

Nitaanza na mazuri, kwa sababu nikianza na ile simu sitayafikia kabisa.

Binti yangu ana miaka minne na ushee. Kwa umri wake angekuwa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, sasa hivi. Tulikubaliana na mama yake akae nyumbani kwanza, na wala si kwa falsafa yoyote ya malezi: gari la shule linalopita kwetu Buruburu huokota watoto kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, na nyinyi mnaijua baridi ya Nairobi mwezi wa saba. Mama yake hushinda kazini Industrial Area. Mimi niko zamu ya usiku, kwa hivyo mchana mtoto ni wangu. Nimeeleza haya ili mjue ni nani katika nyumba hii anayekaa kwenye mkeka na gundi vidoleni. Mtaona kwa nini.

Kampuni siitaji jina. Ni wale wanaoleta boksi kila wiki kwa boda, kila boksi na mada yake: rangi, wanyama wa nyumbani, usafiri, maji, mbegu. Bei mtaitafuta wenyewe. Ndani kuna vifaa, picha za kukata, na kijitabu kinachoeleza Jumatatu mfanye nini, Jumanne mfanye nini, mpaka Ijumaa. Wiki zote za mwanzo niliwasifu kwa kila jirani aliyesimama kunisikiliza.

Wiki ya usafiri, kwa mfano. Walileta magari ya kadibodi ya kupanga kutoka dogo hadi kubwa, na kijitabu kikasema msimame dirishani mhesabu yanayopita. Tukahesabu. Kufikia katikati ya wiki kadibodi zilikuwa chini ya kochi na mchezo ulikuwa umehamia kwenye viti vya meza: viti vimepangwa mstari, wanasesere ndio abiria, binti yangu ndiye makanga, nauli ni vifuniko vya soda. Mwanasesere analipa vifuniko vitano, nauli ni vitatu, chenji ngapi? Alijifunza kutoa hesabu kwa njia ya kukatalia chenji. Kwa kweli hilo halikuwa kwenye kijitabu, lakini lilitoka kwenye boksi lao, na sitawanyima.

Ijumaa ya wiki hiyo kijitabu kilipendekeza tuende mahali penye gari la kale. Nikampeleka makumbusho ya reli, pale nyuma ya stesheni. Kuna behewa pale ambalo mwaka 1900, kule Kima, simba aliingia usiku akamvuta nje afisa wa polisi aliyeitwa Ryall, aliyekuwa ndani akimvizia simba huyohuyo. Nikamsimulia, nikipunguza damu. Mama yake hakufurahishwa na somo hilo, hasa siku zilizofuata, wakati kila matatu ya viti ilipokuwa inasimama njiani kwa sababu simba amepanda bila nauli. Mimi nilifurahi sana. Mtoto alikuwa amejua kwamba reli ilitangulia na mji ukafuata, kwamba mahali hapa palianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na alikuwa anaieleza kwa maneno yake kwa mama mboga, ambaye alimpa karoti ili apumzike.

Kwa hiyo mniamini nikisema sikuwa mteja wa kutafuta makosa. Yale madogo niliyameza. Boksi limepigwa chapa "Mtindo wa Montessori", na mtu yeyote aliyesoma kurasa mbili kuhusu Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, anajua kwamba kwake mtoto huchagua kazi yake mwenyewe na kuirudia anavyotaka. Mada moja ya wiki kwa watoto wote, Jumatatu hili, Jumanne lile, inaweza kuwa njia nzuri kabisa, ila si hiyo. Nikasema, haya, ni biashara. Nikameza na lile la kila kijitabu kuanza na "Mpendwa Mama". Mpendwa Mama, kata kadibodi. Mpendwa Mama, mkumbushe mtoto anawe mikono. Mama yake yuko Industrial Area anahesabu katoni, lakini sawa.

Ndipo ikaja wiki ya mbegu.

Boksi lilikuwa na glasi ya plastiki, pamba, kijiko kidogo, chati ya kuchora mmea siku kwa siku, na kifuko cha mbegu. Kijitabu: weka pamba, weka mbegu, tia kijiko kimoja cha maji kila asubuhi, siku ya tatu mtaona mzizi. Nikafungua kifuko. Ndani kulikuwa na kamande. Na si kamande nzima. Zile za rangi ya machungwa, zimekobolewa na kupasuliwa, zile zinazouzwa dukani kwa sababu zinaiva haraka.

Kama hujalelewa karibu na shamba, ngoja nikueleze, maana ni wazi hapo ofisini kwao hakuna aliyeelezwa. Mbegu ya jamii ya kunde ina mafungu mawili, ambayo ni chakula tu, na katikati yao kuna kimmea kidogo ambacho ndicho kitakachoota. Mashine ikivua ganda na kupasua mbegu, kimmea hicho huvunjika kikaenda na makapi. Kinachobaki ni mchuzi. Unaweza kukiwekea pamba ya hospitali na kukiombea, hakitaota.

Nilijua hivyo tangu nilipofungua kifuko. Lakini mtoto alikuwa ameshaona picha kwenye chati, ameshaweka pamba, na kijitabu kilikuwa kimemwahidi siku ya tatu. Nikasema acha tuone, labda hawa watu wana siri. Kila asubuhi nikirudi kutoka kazini namkuta mbele ya glasi na kijiko chake. Siku ya tatu akachora duara. Baada yake duara lingine. Kisha kamande zikaanza kunuka, na akaniuliza kama mbegu zimemkasirikia.

Hapo nikapiga simu.

Sasa, jambo moja kunihusu. Kazi yangu ya usiku ni hiyohiyo: nakaa na vifaa vya masikioni napokea simu za watu wenye hasira, kwa niaba ya kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo sipigi simu vibaya. Nilisalimu, nikatoa nambari ya mteja kabla ya kuulizwa, nikaeleza tatizo kwa sentensi chache. Dada wa upande ule alianza vizuri.

"Naongea na mama nani?"

"Unaongea na baba."

"Sawa, baba. Mlitia maji kiasi gani?"

"Kijiko kimoja asubuhi, kama mlivyoandika."

"Inaweza kuwa ni mengi."

"Dada yangu, hizi ni kamande za kupasuliwa. Haziwezi kuota."

Nikasikia anabofya. "Wazazi wengine hawajalalamika."

Hiyo niliitegemea. Hiyo iko kwenye skrini, kati ya majibu yaliyoandikwa tayari, nadhani kila kampuni inayo. Mimi mwenyewe nimeisema usiku wa manane nikiwa nusu nimelala. Nikamwambia tena, polepole, kuhusu ganda na kimmea. Akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti ya upole inayotumiwa kwa wagonjwa:

"Baba, tafadhali, mama ya mtoto yuko karibu? Mpe simu nimweleze. Hii programu kuna vile hufuatwa."

Hiyo haiko kwenye skrini. Hiyo ilitoka moyoni.

Nikamwambia mama ya mtoto yuko kazini. Akasema basi atapiga jioni akirudi. Nikamwambia jioni hakuna atakachojua kuhusu kamande, kwa sababu ni mimi ninayefundisha. Akasema, "Ni sawa baba, lakini ni vizuri tuongee na mzazi anayefuatilia." Mzazi anayefuatilia! Mtoto yuko mapajani mwangu anasikia kila neno, glasi iko mbele yetu inanuka, na mimi ndiye nisiyefuatilia.

Kwa haki ya yule dada, labda ilikuwa mwisho wa zamu. Labda kabla yangu alipiga baba mwingine ambaye kweli hakujua boksi liko wapi; wapo, sikatai. Najua pia kwamba mshahara wa viti vile haumnunulii mtu subira ya ziada. Nilipofika hapo kwenye mawazo nilikuwa karibu kumsamehe. Halafu jioni akapiga kweli. Akapiga simu ya mke wangu, nambari ya akiba niliyoweka kwenye fomu, akamweleza kwamba "baba alikuwa na changamoto kidogo na zoezi." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na hadi leo neno hilo "changamoto" likisemwa hapa nyumbani ni kwa ajili ya kunichokoza.

Kesho yake nilimchukua mtoto tukaenda kwa muuza nafaka. Maharagwe ya wairimu na ya rosecoco, na mahindi, kiganja kiganja, bei ya chini kuliko peremende. Tukazilaza majini usiku mmoja, tukazipanga kwenye pamba, kando ya glasi ili zionekane. Kwa baridi ile zilichukua muda kuliko picha za kijitabu, lakini zikatoka. Mzizi kwanza, mweupe, ukielekea chini. Na hapa ndipo palipokuwa na somo ambalo kampuni ingekuwa na akili ingeliweka: mzizi ukishatoka, geuza glasi ilale ubavu uiache. Ukirudi baadaye utakuta ncha imejikunja kuelekea chini tena. Binti yangu aliigeuza glasi ile kila alipokumbuka, akitaka kuona kama mzizi utasahau. Haukusahau. Halafu maharagwe yakainua mafungu yake mawili juu hewani, mahindi yakaacha punje chini yakatoa jani pekee, na maswali yaliyofuata yalinimaliza. Kwa nini haragwe linabeba chakula chake na hindi halikibebi? Jaribu kujibu swali hilo asubuhi, ukiwa hujalala.

Chati yao tuliijaza. Ni chati nzuri, kusema kweli. Mistari mikubwa, nafasi ya kuchora, karatasi nzito isiyolowa haraka. Aliyeibuni anawajua watoto. Aliyenunua mbegu hajawahi kuona shamba, na aliyeandika "Mpendwa Mama" hajawahi kuingia nyumba kama yetu, nao wote wako kwenye malipo yangu ya kila mwezi.

Nilituma malalamiko kwa WhatsApp, marefu, na picha za glasi zote mbili. Siku kadhaa kimya. Halafu boda akaleta kifuko kipya na kadi: "Pole kwa usumbufu, Mama. Tumekubadilishia mbegu." Nikafungua palepale mlangoni. Kamande. Machungwa. Nusu nusu. Yule kijana wa boda akachungulia, akauliza, "Mkubwa, si hii ni ya kupika?"

Huyo ndiye mwajiriwa pekee wa kampuni hiyo ninayempendekeza apandishwe cheo, na huenda hata si mwajiriwa wao.

Tulizipika, naam, kwa kitunguu na dhania. Mtoto akakataa kula kwa sababu ni mbegu na mbegu hazijakosa lolote.

Sasa hukumu. Nilikuja hapa na nia ya kutoa nyota moja. Nilipokuwa naandika ile sehemu ya makanga na chenji nikafika tatu. Nikakumbuka "mzazi anayefuatilia" nikarudi moja. Wakati huu naandika, binti yangu yuko dirishani anangoja boda, kwa sababu wiki hii ni ya maji, na ameshajaza ndoo bila kuambiwa. Basi mbili. Chukueni maboksi ya usafiri na wanyama, yanastahili. La mbegu lirukeni au mnunue maharagwe yenu. Kwenye fomu msiweke nambari ya akiba. Na kama kuna mtu wa kampuni anasoma hapa: mwezi ujao nimeshalipia, kwa M-Pesa yangu, jina langu liko kwenye risiti, ni la kiume.