Darasa la Kiebrania Kisumu: mwalimu safi, fotokopi ovyo

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, na kazi inayonilisha ni majoho ya makanisa. Juzi mteja wangu mmoja, pasta, aliniletea joho la zambarau nimdarizie kifuani neno "Rabi" kwa herufi za Kiebrania, uzi wa dhahabu. Nikamuuliza maana yake. "Ni mchungaji, mama." Sasa mimi sishoni nisichoweza kukisoma. Uzi wa dhahabu ukiufumua unaacha matundu, na kitambaa ni cha mwenyewe. Ndipo nikalipa shilingi 2,000 kwa Jumamosi nne za Kiebrania cha Biblia, kwenye ukumbi mmoja mjini.

Mwalimu anaijua kazi yake. Siku ya kwanza tu aliandika ubaoni, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi mbili, resh na bet: rav. Maana yake mkubwa, mkuu. Akaongeza yod mwishoni, kaherufi kadogo kama mshono mmoja wa mkono, nayo ndiyo "-i", yaani "wangu". Kwa hiyo Rabi ni "mkuu wangu". Mchungaji ni neno jingine kabisa, roe, lile la Zaburi ya 23. Tukafungua Yohana 1:38: wanafunzi wawili wanamwita Yesu Rabi, na mwandishi anafafanua palepale kwamba maana yake ni Mwalimu.

Mzee mmoja nyuma yangu akauliza: kama "wangu" imo ndani ya neno, mtu atajiandikaje mwenyewe kifuani? Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, joho lilikuwa limetundikwa dukani kwangu. Mwalimu akajibu kwamba baadaye likawa cheo, Rabi fulani bin fulani, ila lilianza kama neno la kumwita mwalimu wako.

Lawama yangu ni karatasi. Resh na dalet, ile herufi ya D, zinatofautiana kwenye kona tu. Resh imepinda taratibu kama kola ya duara. Dalet ina kona kali, na kincha kinachungulia nyuma. Kwenye fotokopi zetu zilizofifia zilikuwa mapacha. Na ukikosea hapo, rav inageuka dov, dubu! Jirani yangu aliyesoma madrasa aliniambia hata Kiarabu ni dubb, ndiko sisi tulikolitoa. Ningemvika mtu wa Mungu "dubu wangu" kwa dhahabu.

Halafu saa tatu yao ni saa nne. Na cheti ni shilingi 500 zaidi, jambo ambalo hakuna aliyelitaja wakati wa kujiandikisha. Sikukichukua.

Wahubiri na walimu wa Sunday school, nendeni, pesa haipotei. Ila pigeni picha ubao kwa simu, zile karatasi fungieni mandazi.

Mteja alikuja Jumatatu. Nikamweleza, nikamfungulia na Mathayo 23:8, "Bali ninyi msiitwe Rabi." Akasoma mara mbili, akapapasa joho pale kifuani, kimya. Mwisho akasema, "Basi mama, weka Mtume."

Herufi tano. Nikamtajia bei.