Ziwa Paradise, Marsabit: unalipia ziwa unapewa ukungu

Kwanza tuelewane. Kama ukisikia kampi ya ziwani unafikiria bafu, soketi ya kuchajia simu na kibanda cha kuuza soda, hapa hapakufai, geuza gari mapema. Ziwa Paradise, huko Marsabit kaskazini mwa Kenya, utakachokuta ni kuni zilizojiangukia na maji ya ziwa basi, na hayo maji ya ziwa nitawaambia mbele kwa nini msiyatie kwenye hesabu. Choo hakuna, bomba hakuna, taa hakuna, hata benchi la kukalia hakuna. Na mie nimelala pale siku mbili na nataka kurudi, sasa nisikilizeni.

Tulikuwa wanne, mie na binamu zangu wawili na shemeji yetu, wote wa Mombasa, yani watu ambao baridi tunayoijua ni feni ikiwekwa namba tatu. Mwezi wa nane. Mama aliposikia tunaenda kulala porini akatufungia mahamri ndoo nzima, kumbukeni hayo mahamri.

Safari ni ndefu lakini sio ya kuogopesha kama tulivyokuwa tukisikia zamani, enzi za watu kupanda malori juu ya ng'ombe. Sa hizi lami inatoka Isiolo mpaka Moyale, imenyooka mpaka unasinzia. Archers Post, Laisamis, Logologo, kushoto kulia ni mawe, migunga na ngamia, joto la kukausha koo, na shemeji kila baada ya nusu saa anauliza huo msitu uko wapi jamani, ama tumeibiwa? Halafu gari likaanza kupanda. Dakika chache tu watu wakaanza kufunga vioo, mmoja akatoa sweta, na mbele tukauona mlima umevaa wingu kama kilemba. Kama hujawahi kutoka kwenye jangwa ukaingia kwenye msitu kwa muda wa kumaliza soda moja, Marsabit utaiona.

Mlima wenyewe sio mrefu kihivyo, kileleni mita 1,707, huwezi kuulinganisha na Kirinyaga, yani Mlima Kenya. Sasa msitu umetoka wapi? Dereva tuliyemkodi pale mjini, mzee wa makamo, ndo alitufungua macho. Upepo unatoka Bahari ya Hindi, unapita nyika yote ile tambarare, ukifika hapa unagongana na mlima, hauna pa kwenda ila juu, na ukipanda unapoa, usiku unageuka ukungu, ule ukungu ndo unainywesha miti. Nikacheka peke yangu. Yani kusi hii hii inayotupepea kwetu Mombasa, pale ufukweni Mama Ngina tukila mihogo, imetufuata mpaka huku kutulowesha.

Mambo ya mjini myamalize mjini. Malipo ya kuingia mbugani ni kwa simu, eCitizen, ule mtandao wa serikali, pesa mkononi hazipokelewi, kwa hivyo lipeni mkiwa na neti na bando, bei zinabadilika angalieni wenyewe. Gari lazima liwe fobaifo. Msidanganywe na mtu kwamba Probox inafika, labda siku ya jua kali, maana mvua ikipiga au hata ukungu ukilala sana ule udongo unateleza kama sabuni ya kipande. Sisi tulikodi Landcruiser ya kizee, iliguna lakini ilifika.

Maji: nunueni mjini. Sisi tulibeba jerikeni nne za lita 20, watu wanne usiku mbili, na mwisho ilibaki moja na nusu. Hapo hatukuoga, nisiwadanganye, tulipangusana uso na kwapa tukaita kuoga. Maji sio kitu cha mzaha Marsabit, utaona punda wamebebeshwa jerikeni wanapandisha mtaa, kwa hivyo ukiyapata heshimu.

Na chakula. Hapa nawapa siri, achaneni na mikebe ya maharage. Ingieni sokoni muulizie nyirinyiri. Ni nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo ikakaushwa halafu ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta yake, wafugaji wa kaskazini wanaijua toka zamani, na inakaa muda mrefu bila friji. Sisi tuliila na chapati asubuhi, tukaila na wali usiku, na ya mwisho tukaila mkavu mkavu ndani ya gari tukirudi. Shemeji alinunua na chupa ya maziwa ya ngamia, yana harufu ya moshi kwa sababu chombo chenyewe hufukizwa, chai yake ukiinywa kwenye baridi ile utasahau tangawizi.

Geti la kuingilia linaitwa Ahmed, na Ahmed mwenyewe sio chifu wala mbunge, ni ndovu. Alikuwa na pembe ndefu mpaka zinakaribia chini, majangili wakawa wanamtolea macho, Mzee Kenyatta mwaka 1970 akatoa amri alindwe, akawekewa askari wa kumfuata usiku na mchana mpaka akafa kifo chake mwaka 1974. Sanamu lake liko makumbusho ya Nairobi, nimepita pale toka nasoma praimari sikujua kwamba huyu ndovu kwao ni huku. Dereva alipokuwa akisimulia ungedhani anazungumzia babu yake.

Sasa ziwa. Jina la pale ni Gof Sokorte Guda, gof ndo shimo la volkano, na mlima huu unayo mengi. Hili jina la Paradise walilibandika Wamarekani wawili, mume na mke, Martin na Osa Johnson, waliokaa pale miaka ya 1920 wakipiga filamu za wanyama. Kutoka ukingoni juu, ukitazama chini unaona bakuli kubwa, kuta zote ni msitu, na ndani yake... majani. Nyasi, kijani kibichi kama uwanja wa mpira, na katikati dimbwi pana la maji rangi ya chai ya rangi. Binamu yangu akasema, hili ndo ziwa? Ndio, hili ndo ziwa. Hili ziwa lina hulka yake, miaka ya mvua linajaa, miaka ya ukame linakauka kabisa unatembea katikati, na sisi tulilikuta katikati ya hayo mawili. Kwa hivyo ukienda na picha ya mtandaoni kichwani, maji mpaka miguuni pa miti, unaweza kununa. Sisi tulinuna kama robo saa hivi. Halafu mbogo wakatoka msituni, thelathini hivi, wakaingia kwenye zile nyasi wakala taratibu, na nyuma yao ndege weupe, tukanyamaza, kununa kukaisha.

Unapolala ni uwanda kando ya hilo bonde la ziwa, kwa hivyo sio kwamba unawatazama wanyama, ni kwamba umejenga uani kwao. Ndo maana huruhusiwi kulala bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Wa kwetu alikuwa mtu mpole, maneno machache, alifika akazunguka lile eneo, akatuonyesha pa kusimamisha hema na pa kutosimamisha (kuna njia ya ndovu, ukiangalia vizuri unaiona, nyasi zimelala). Halafu akatupa sheria zake. "Vijana, chakula kisilale ndani ya hema. Usiku mtu asitoke bila kuniita. Ndovu hana shida na nyinyi, akitaka maji atapita. Mbogo msimkosee adabu." Nikamuuliza, afande, na haja ndogo? Akasema, "Ni hiyo hiyo. Niite."

Basi fikirieni saa tisa za usiku mtu mzima na ndevu zake anaita "afande, afande" kwa sauti ya kunong'ona ili aende kukojoa. Tulicheka wiki nzima. Na kwa haja kubwa, bebeni jembe dogo, chimba, fukia, karatasi rudini nazo kwenye mfuko. Nawaambia waziwazi kwa sababu sisi hakuna aliyetuambia, jembe tulikwenda kuazima.

Hema sasa, hapa ndo nina lalamiko, na sio la mbuga ila la duka nililokodisha hema huko nilikotoka, jina nalihifadhi. Waliniambia hema la watu wanne, halipitishi maji, limekaguliwa. Tulipolifungua, lile turubai la juu halimo. Nilipiga simu, neti hakuna. Nikajipa moyo, si msimu wa mvua, mbingu hii hapa nyeupe. Ehe! Saa mbili usiku ukungu ukashuka kutoka kwenye kuta za lile bakuli, hauji kama moshi, unakuja kama mtu anakufunika shuka, tochi ukiiwasha unaona mkono wako basi. Na ile miti ya Marsabit imejaa ndevu, nyuzi fulani za kijivu zinaning'inia kwenye matawi kama ndevu za babu, zile ndo zinakamata ukungu mpaka zinaanza kudondosha matone. To, to, to. Mvua haipo, mawingu ya mvua hayapo, lakini chini ya mti unalowa kama umesimama chini ya mfereji. Sisi tulikuwa tumejenga chini ya mti, kwa sababu mtu wa Pwani akiona mti anaona kivuli. Saa sita godoro la sponji lilikuwa limekunywa maji yote. Tukahamia ndani ya Landcruiser wanne na dereva wa tano, mzee wa watu alikuwa amelala zake vizuri kwenye kiti cha mbele, akaamka akasema tu "karibuni" akalala tena.

Ndani ya gari ndo nikawasikia. Kwanza tawi, kra. Halafu kimya kirefu. Halafu kama mtu mzito anavuta pumzi karibu na kioo, na harufu, harufu ya zizi iliyochanganyika na majani yaliyopondwa. Huoni kitu, ukungu mtupu, lakini unajua kabisa pale nje kuna ukuta unatembea. Kisha maji yakavurugika kule dimbwini. Binamu mdogo alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zimeingia, na huyo ndo aliyekuwa akijisifu njia nzima. Asubuhi tukakuta nyayo za ndovu, kubwa kama sahani za pilau, zimepita hatua labda kumi kutoka kwenye hema lile bovu, na hema halijaguswa hata kamba.

Asubuhi msiharakishe kuamka kwa ajili ya picha, hamtaona kitu mpaka saa tatu, saa nne. Washa moto, weka chai, kaa. Ukungu unapoondoka unaondoka kwa vipande, kwanza unaona vichwa vya miti vinaelea, halafu ukuta mmoja wa msitu, halafu mgongo wa mbogo peke yake bila miguu. Mie sio mtu wa kulia lia lakini pale nilikaa na kikombe mpaka chai ikapoa.

Na ndo wakati huo nyani walipokuja. Sisi wote macho ziwani, ndoo ya mahamri iko wazi kwenye boneti. Dume moja limekuja bila haraka yoyote, limetia mkono, limetoka na mawili, likala moja pale pale likitutazama, kama mteja anayeonja kabla ya kununua. Afande alipolifukuza lilirudi na ndugu zake. Yani kuna nyani Marsabit sasa anajua iliki. Vyakula vyote viwe ndani ya gari na vioo juu, hata ukiwa umesimama hapo hapo.

Watoto wadogo mie nisingewapeleka, kama ni wa kuzuia kukimbia huku na huku usiku. Wazazi wetu pia hapana, kulala chini na kuchimba sio mambo yao, hao wapeleke mchana waone ziwa kutoka juu ukingoni warudi mjini kulala hotelini. Kwa vijana wanne watano wenye gari zuri na wasiolialia simu, sijalala mahali kama hapa Kenya nzima. Usiku wa pili tulihamisha hema kutoka chini ya mti, dereva akatuazima turubai lake la kufunikia mizigo, na tulilala kavu mpaka asubuhi, baridi ipo lakini kavu. Blanketi mbili kila mtu, soksi nzito, na kofia ile ya kuziba masikio, mliozoea kikoi msije mkasema sikuwaambia.

Maji tuliyobaki nayo, jerikeni moja na nusu, tulimwachia afande. Hema nimesharudisha dukani, wamesema lina matope kwa hivyo pesa yangu ya dhamana wanaikata. Lile turubai la juu lilikuwa pale pale dukani, juu ya kabati.