Mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi, nimeitumia msimu mzima hapa Tabora

Nina kashamba ka nusu eka nyuma ya nyumba hapa Ipuli, msimu uliopita nikatoa gunia sita, sio haba kwa mtu wa mbolea ya kuungaunga. Kulima kwangu sio shida, shida ni scania. Kwa msiomjua, ni yule dumuzi, kamdudu hata nusu sentimita hakafiki ila kanakula punje mpaka linabaki ganda, unafungua gunia mwezi wa kumi na mbili unakuta unga umejaa chini na mashine hujaenda. Mdudu mwenyewe asili yake Amerika ya Kati, na Afrika Mashariki alianza kusumbua hukuhuku Tabora kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakampa jina la lori.

Miaka yote nilikua naweka dawa ya unga lakini sisi tunakula dona, mama watoto hataki kusikia habari ya dawa kwenye dona. Basi nikasema nijaribu hii mifuko, elfu tano mmoja, wa kilo 100. Ndani nailoni mbili nzito, nje kiroba cha kawaida. Dawa hakuna, kazi yake ni kuzuia hewa tu, wadudu waliomo wanaimaliza hewa ya ndani halafu wanajifia wenyewe.

Duka la kwanza silitaji. Nimefika nyumbani nafungua mfuko nakuta nailoni moja, tena nyepesi kama ya mkate! Nikarudi, kijana ananiambia "mzee wangu hilo ndo toleo jipya". Tulibishana mpaka akanirudishia hela yangu. Kwahiyo fungua hapohapo dukani uhesabu nailoni, jaza upepo uminye, ukisikia fyuuu mwachie mwenyewe.

Sasa kazi ilipo ni kukausha. Mimi nilikua nang'ata punje, ikilia ka! najua tayari. Kumbe uongo. Chukua chupa ya soda iliyokauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa kama dakika mbili tatu, chumvi ikiganda kwenye chupa mahindi bado mabichi. Yangu iliganda nyeupe pee, na hapo nilishapukuchua yote nimeshaita na watu wa kunisaidia kujaza, nikarudisha yote kwenye turubai siku nne, na hata chumvi ilivyokubali nikaongeza mbili za jua. Ukifungia mahindi yenye maji humo yanavunda na kuota ukungu, bora hata scania.

Kufunga: jaza huku unashindilia, nailoni ya ndani unaisokota unaikunja unaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, halafu ya pili hivyohivyo, ndo kiroba. Jirani mtani wangu akapita akaniuliza nafunga mahindi au nazika mtu.

Nilifunga mwezi wa saba, nikafungua wa pili mwaka huu. Mifuko minne safi kabisa, punje zinang'aa, wadudu wachache wamekauka juu, na dona lake ukila na nsansa (mboga ya majani makavu) ya karanga hutaki kunyanyuka. Wa tano niliuweka sakafuni umeegemea ukuta bila chaga, panya kauma kona ya chini, hewa imeingia na scania wamefanya sherehe, ule wote wamekula kuku. Kosa langu, ila mfuko wa elfu tano kushindwa na panya mmoja inauma, hapo nakata nyota, nawapa 4 kati ya 5.

Ile minne narudia kuitumia, jana usiku nimeingiza tochi ndani nikakagua, mmoja una kitundu nimeziba na selotepu tutaona.

Mwenye kujua wanapouza ya kilo 50 hapa mjini aseme. Sisi tuko watano, gunia moja linakaa kama mwezi na nusu na muda wote huo linafunguliwa linafungwa, hewa inaingia tu.