Inchi 16 ya mtumba, pedali kabatini: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka sita. Kwa mwaka mzima aliendesha baiskeli yenye vigurudumu vya pembeni, na kila nilipovitoa alilia mpaka nikavirudisha. Nikaamini ni mwoga. Hakuwa mwoga, baiskeli ile ilikuwa imemfundisha vibaya, na nimeumia kidogo kwa kuchelewa kulijua hilo.

Safari hii nilikwenda kwa wauza mitumba ya Japani hapa Tanga, nikachukua baiskeli ya magurudumu ya inchi 16 kwa shilingi 90,000. Kabla ya kulipa nilimkalisha juu yake, tandiko likiwa limeshushwa hadi mwisho: nyayo zote mbili zikakanyaga chini vizuri na magoti yakabaki yamepinda kidogo. Kipimo changu ni hicho, umri ulioandikwa kwenye lebo siutazami tena. Ukisema umnunulie kubwa ili aikulie, atagusa ardhi kwa ncha za vidole, na hapo hofu inaanza kabla hajasogea hata hatua moja.

Nikaipeleka kwa fundi wetu wa mtaani, mzee ambaye mimi mwenyewe alinizibia pancha nikiwa shule ya msingi. Nilimwomba afunge vile vigurudumu vya zamani. Akakataa. "Mwanangu, hivi vinamzuia kulala upande pamoja na baiskeli. Na baiskeli isiyolala haipindi." Akatoa spana ya 15, akafungua na pedali zote mbili, akanikabidhi kwenye mfuko. Pedali ya kushoto aliizungusha upande ule ambao nati nyingine hukazwa, akanionya nisije nikaifungua kwa nguvu kwa kudhani ni kama ya kulia, nitaharibu meno yake na ule mkono wa chuma unaoishika. Kazi yote, pamoja na kusogeza breki karibu ili vidole vyake vidogo vizifikie, ilikuwa shilingi 5,000.

Nilirudi nyumbani na baiskeli isiyo na pedali, majirani wakanitazama. Lakini fikiria: chombo cha Karl Drais, babu wa baiskeli zote hizi, kilichotoka Ujerumani mwaka 1817, hakikuwa na pedali. Watu wazima walikikalia wakasukuma ardhi kwa miguu, wakaenda.

Binti yangu naye akasukuma. Siku tatu za kwanza alikuwa anatembea tu huku amekaa, na nilijizuia nisimshike. Hilo ni gumu kwa mama. Siku ya nne, kwenye uwanja wa udongo mgumu jirani na msikiti, penye kamteremko kadogo, akainua miguu kwa sekunde mbili. Kisha tano. Nikaona kwa macho yangu kile alichosema mzee: akielemea kushoto, mikono yake inapeleka usukani kushoto, magurudumu yanarudi chini yake, anasimama wima tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kwenye vigurudumu vya pembeni nafasi hiyo hakuipata kamwe, maana kila akitaka kuelemea, kuna chuma kinamkingama.

Breki nilimfundisha wakati huo huo, kabla ya pedali: shuka mteremko, kamata breki, simama. Naomba msiliruke hilo.

Siku ya kumi tukarudi kwa mzee, akarudisha pedali. Nilimwekea ya kulia juu kidogo, mbele, apate pa kukanyagia anapoanza. Mara ya kwanza mguu uliteleza. Mara ya pili alikwenda kutoka kwenye mwembe mpaka ukutani, na mimi nilikuwa nyuma sana hata kumgusa nisingeweza.

Kasoro zipo. Muuzaji aliniapia matairi ni mazima, lakini la mbele lilikuwa mpira uliokauka na baada ya wiki mbili likapasuka ubavuni. Tairi na tyubu vimenigharimu 18,000 zaidi. Bonyezeni tairi kwa kidole gumba mkiwa bado dukani, na mkiona vimistari vya nyufa pembeni, mpunguziwe bei au acheni. Kikapu cha mbele nacho nilikitoa, kinaongeza uzito kwenye usukani wa mtoto anayejifunza. Helmeti sikuipata pamoja na baiskeli, niliinunua kando.

Kwa jumla nimetumia shilingi 113,000 bila helmeti, na ningeinunua tena baiskeli hii hii. Fundi ningemlipa mara mbili. Vile vigurudumu vya pembeni jirani aliniomba kwa ajili ya mwanawe wa miaka minne; badala yake nimempa spana. Jumamosi binti yangu ndiye atakayemwonyesha mtoto huyo pale kwenye kamteremko, amekwisha niambia nisije.