Skrubu mbili mdomoni: nilivyopandikizwa meno Arusha

Mimi ni fundi samani, karakana yangu iko Kijenge. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nimsumbue daktari kwa maswali. Nimepandikizwa magego mawili, la chini kulia na la juu kushoto, na skrubu zilizokazwa kwenye mfupa wa taya ili zibebe meno hayo hazifanani.

La chini lilikwenda na jiwe kwenye makande. La juu lilioza huku nikijidai sina muda.

Kliniki ya kwanza niliyoulizia, dada wa mapokezi alinitajia bei tu, jino moja karibu na bei ya pikipiki mpya. Nikauliza skrubu yenyewe ikoje. "Kaka, zote ni zile zile." Mtu aliyewahi kukaza skrubu kwenye paina na kwenye mninga hawezi kukubali jibu hilo. Nikaaga.

Kliniki ya pili daktari alizimwaga mezani. Zote za titani, ila moja imechongoka kama karoti, nyingine imenyooka kama penseli. "Fundi, wewe ungeweka ipi wapi?" Nikamwambia mbao laini naipa karoti, tena tundu nalitoboa dogo kuliko skrubu, ili ikiingia iishindilie mbao na kujibana. Mninga ukiufanyia hivyo unapasuka. Akacheka. Akasema taya la juu kwa nyuma ndiyo paina, ndani mfupa una vitundu kama sifongo. La chini ni gumu zaidi. Tukakubaliana: karoti juu, penseli chini.

Siku yenyewe ganzi ilifanya kazi yake, nilichosikia ni mtetemo tu. Drili ilizunguka polepole kuliko nilivyotarajia, huku maji ya chumvi yakimiminwa mfululizo, kwa sababu mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaweza kuanza kuharibika. Kisha akakaza kwa spana ndogo yenye kipimo. Ya chini ilipofika 35 akaacha. Mimi moyoni nasema ongeza kidogo, ndugu yangu! Kumbe kukaza kupita kiasi si sifa: mfupa uliobanwa mno unakosa damu, unakufa pembeni mwa skrubu, na baadaye skrubu inalegea.

Hapo ndipo ufundi wangu uliponidanganya. Mbao imeshakufa, skrubu ina nguvu zake zote siku ile ile uliyoikaza. Mfupa uko hai. Mshiko wa siku ya kwanza ni wa meno ya skrubu tu (ndiyo, nayo ina meno), na ndio ambao umbo linausaidia. Baada ya hapo mwili unaanza kuuondoa ule mfupa uliominywa na kujenga mpya, na kabla mpya haujakomaa, skrubu inapungua nguvu. Kwangu niliuona upungufu huo kwa namba. Wanafunga kijiti kidogo juu ya skrubu, wanasogeza kifaa kama kalamu bila kugusa, kinalia, kinatoa alama chini ya 100. Ile ya juu ilianza na 66, wiki ya nne ikasoma 59. Nilitoka jasho. Daktari hakushtuka: "Usitafunie upande huo, tuonane." Mwezi wa tano ikasoma 72. Ya chini ilicheza 75, 73, halafu 78, na ilipewa jino lake miezi miwili kabla ya mwenzake.

Alinisimulia pia kuhusu Brånemark, daktari wa Sweden aliyeweka kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura mwaka 1952, na alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa umeshakishika. Mtu wa kwanza kupata meno ya namna hiyo kwake ilikuwa 1965.

Siku za mwanzo mke wangu, Mmarangu, alinilisha mtori asubuhi na jioni mpaka majirani wakauliza nani kajifungua.

Nawapa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya foleni: miadi saa tatu, unaitwa saa sita. Kadi yenye jina la mtengenezaji, upana na urefu wa kila skrubu nilipewa baada ya kuidai mara mbili, na ni kitu cha kutunza, maana vipuri vya mtengenezaji mmoja mara nyingi havikai kwenye skrubu ya mwingine.

Rangi nayo ilikuwa vita. Nimekulia Maji ya Chai, na maji yetu yenye floraidi yameniachia michirizi ya kahawia kwenye kila jino. Gego la chini lililetwa jeupe kama sahani. Nikalikataa, likarudishwa, nikasubiri wiki mbili. La juu halionekani, nikaliacha na weupe wake. Lile la chini sasa lina michirizi, na mke wangu akiambiwa aonyeshe lipi la kupandikizwa, anagusa la jirani.