Bafu la kioo bila fremu: nunua bawaba kwanza, kioo baadaye

Mtu akiingia duka la vioo swali lake la kwanza huwa "mna cha milimita ngapi?" Muuzaji anafurahi, maana hapo ndipo anapopenda mazungumzo yabaki. Ukweli ni kwamba uchukue unene wa milimita nane, kumi au kumi na mbili, kioo chenyewe mara chache ndicho kitakachokusumbua. Kinachosumbua ni chuma kinachokishika na ukuta unaokishika hicho chuma.

Mlango wa bafu la dada yangu, Kigamboni, ulianza kukwaruza marumaru kabla haujatimiza mwaka. Kioo kilikuwa kizima, hakina hata alama. Tulipofungua bawaba ya juu tukakuta rangi ya dhahabu imevimba malengelenge, na chini yake kuna kitu cha kijivu kinachomomonyoka ukikikwangua kwa bisibisi. Risiti ilisema "brasi", ile shaba ya njano. Ilikuwa zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya brasi juu. Maji ya kisima yale ya chumvi yalifanya yaliyobaki.

Kubadilisha bawaba ndiko kulikotufundisha zaidi. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, kikishatoka kiwandani hakikatwi tena wala hakitobolewi. Ukijaribu kinapasuka chote. Na kila aina ya bawaba ina tundu lake na umbo lake la mkato kwenye ukingo wa kioo. Kwa hiyo tulizunguka Kariakoo Jumamosi mbili na kipande cha boksi tulichokata kwa umbo la ule mkato, duka hadi duka, tukitafuta bawaba ya brasi itakayoingia. Tungenunua bawaba nzuri mwanzo tukampelekea fundi vioo akate kwa kufuata hiyo, tusingeziona hizo Jumamosi. Ndiyo maana naanza na chuma.

Chuma: kipi kiwe cha kwanza

Nafasi ya kwanza naipa brasi nzito iliyochovywa krome. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na kwenye katalogi za Kichina utaona imeandikwa H59 au H62, yaani shaba ni takriban asilimia 59 au 62. Chukua ya 62 ukiipata. Maji yenye chumvi hunyonya zinki kidogo kidogo kutoka kwenye brasi na kuacha shaba yenye vitundu, ya rangi ya waridi, isiyo na nguvu. Kadiri zinki inavyozidi ndivyo hilo linavyokuja mapema. Krome ndiyo inayoilinda, mradi usiikwangue kwa waya wa kusugulia sufuria.

Ukitaka rangi ya dhahabu, uliza imewekwaje. Iliyopakwa kwa mvuke ndani ya tangi lisilo na hewa, ambayo kwenye boksi huandikwa PVD, ni ngumu kuliko ile ya kuchovya au kupuliza. Bei yake iko juu, na hapa naona inastahili. Dhahabu ya kupuliza usiiguse.

Ya pili ni stenlesi. Namba 304 inatosha ukiwa bara na maji ya bomba. Ukiishi Masaki, Kigamboni, Nyali au Unguja mjini, upepo wa bahari ukiingia hadi chooni, tafuta 316, na kwa nyumba kama hizo mimi ningeiweka hata mbele ya brasi. Stenlesi namba 201 ni ya bei rahisi na hutoa vidoa vya kutu mapema.

Ya tatu ni brasi mbichi isiyopakwa kitu. Hii ni ya mtu anayeipenda jinsi inavyozeeka. Aliyekulia Mji Mkongwe ameziona njumu za shaba kwenye milango mikubwa: zinafifia, zinakuwa za hudhurungi, na mwenye nyumba akiamua anazisugua zinang'aa tena. Bafuni ni vilevile, ila haraka zaidi. Kwa brasi mbichi ndimu na majivu vinafaa kabisa. Kwa iliyopakwa, ukitumia ndimu utaiharibu.

Zinki ya kumimina iko mwisho, na ifanye kazi ya kulabu ya taulo tu, isibebe kioo.

Sasa, dukani utajuaje? Muuzaji atachukua sumaku, ataigusisha, itaanguka, naye atakutazama kama aliyeshinda kesi. Sumaku haishiki brasi, lakini haishiki zinki pia, wala stenlesi ya 304. Amekuthibitishia tu kuwa si chuma cha kawaida. Afadhali ushike bawaba mbili za ukubwa uleule, moja kila mkono: brasi ni nzito kuliko zinki kwa karibu robo zima, na mkono unaitambua. Kisha fungua kibano, yale mabamba mawili yanayobana kioo, uangalie ndani ya tundu la skrubu, mahali ambapo rangi haikufika vizuri. Kwangua kidogo kwa ncha ya msumari. Njano ni brasi. Kijivu, rudisha kwenye boksi. Muuzaji asiyekuruhusu kukwangua ndani ya tundu ambalo hata hivyo halitaonekana, amekwisha kukujibu.

Mtindo: mlango unauhitaji kweli?

Mabafu yetu mengi ya chumba masta ni sakafu moja, choo na bomba la mvua pamoja, maji yote yanaelekea kwenye tundu moja. Kwa bafu la namna hiyo chaguo langu la kwanza ni kioo kimoja kilichosimama, bila mlango. Hakina bawaba, hakina kinachocheza, hakina cha kuchakaa. Kinaingia kwenye chaneli, yaani mfereji mwembamba, ukutani na sakafuni, na juu kinashikwa na mkono wa chuma unaokwenda hadi ukuta wa pili. Usimruhusu fundi auache huo mkono eti "kioo kimekaa vizuri". Upana wa sentimita 90 hadi 120 unatosha, ukiacha njia ya 60 ya kupita. Elekeza bomba la mvua kwenye ukuta, lisitazame uwazi. Na kama tangi lako liko juu ya mnara wa mita tatu bila pampu, presha yako ni kama 0.3 ya bar. Maji ya hivyo hayarukii mbali, mlango ungekuwa pambo.

Mlango wa bawaba na kioo cha pembeni ni wa pili. Unapendeza, unazuia maji kuliko kioo kimoja, ila kila tatizo nililowahi kuliona lilianzia kwenye bawaba. Upana wa mlango usizidi sentimita 80, na ufunguke kwa nje. Mtu akiteleza akaanguka ndani, mwili wake usiwe ndio unaozuia wanaokuja kumsaidia.

Wa kuteleza kwenye reli uchukue pale tu ambapo mlango wa kufunguka ungegonga sinki la choo. Magurudumu yake ndiyo ya kuyapima: yawe na beringi za stenlesi, na uhakikishe yanauzwa peke yake kama spea. Boksi za kona zenye umbo la robo duara, zinazokuja na beseni lake, haziko kwenye orodha yangu. Mara nyingi zina fremu ya alumini nyembamba ambayo muuzaji hataki kuiita fremu, na raba zake zikichakaa hupati nyingine za kufanana.

Kioo, kwa ufupi

Lazima kiwe cha tempa, yaani kilichopashwa hadi kupita nyuzi 600 kisha kikapoozwa ghafla kwa upepo. Kinakuwa na nguvu mara nne au tano ya kioo cha dirisha, na kikivunjika kinakuwa punje punje badala ya visu. Tafuta muhuri mdogo kwenye kona, usiotoka kwa kucha, wenye namba kama EN 12150 au ANSI Z97.1. Usipouona, vaa miwani ya jua ya polaroidi, kitazame kikiwa kimeegemea mwangani: cha tempa huonyesha madoa au mistari myeusi ambayo kioo cha kawaida hakina.

Unene: nane kwa mlango, kumi kwa kioo kilichosimama. Hesabu ni rahisi, kila milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni kilo 2.5. Mlango wa sentimita 70 kwa mita 2 ukiwa wa milimita nane una kilo 28, wa kumi 35, wa kumi na mbili 42. Kilo zote hizo zinaning'inia kwenye bawaba mbili, mchana na usiku. Muulize muuzaji jozi inabeba kilo ngapi, na uache nafasi.

Kufunga

Fundi vioo asipime kabla marumaru hazijakaa na kukauka. Anayekuja kupima ukuta wa plasta na kusema "nitaongeza sentimita ya tailizi" anakisia, na kioo cha tempa hakisamehe kukisia. Apime upana mara tatu, chini, katikati na juu, aweke timazi ukutani na pima maji sakafuni. Kabla hajaja, mwaga ndoo ya maji. Sakafu inatakiwa iteremke sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Maji yakisimama, rekebisha leo, maana baada ya kioo hakuna atakayekubali kuigusa sakafu hiyo.

Halafu gonga marumaru kwa kifundo cha kidole pale bawaba zitakapokaa. Ikilia debe, nyuma yake hakuna saruji, na itapasuka skrubu zikikazwa. Ukuta wa jipsamu usipowekewa mbao au chuma nyuma haubebi mlango wa kioo hata kidogo.

Drili itumike bila nyundo hadi ipite marumaru, kwa ncha ya almasi, mtu akimwagia maji kidogo kidogo. Tundu lijazwe silikoni kabla ya plagi kuingia, maji yasipenye nyuma. Kioo kisikae juu ya marumaru moja kwa moja hata dakika moja; ukingo na hasa kona ndio udhaifu wake, na fundi mzoefu utamjua kwa kuwa huweka vipande vya mbao au raba chini kabla hajakishusha. Kati ya kibano cha brasi na kioo kuwe na raba pande zote mbili.

Silikoni nayo inusie. Inayonuka siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo hula brasi na shaba. Omba isiyo na tindikali, kwenye mrija imeandikwa "neutral". Iache saa 24 kabla ya mtu yeyote kuoga, hata kama fundi anasema jioni mnaweza.

Usafi ni kifutio cha raba baada ya kuoga na sabuni ya vyombo mara moja kwa wiki. Dawa ya choo yenye tindikali isifike hapa, wala jiki. Dawa ya vioo yenye amonia usiipulizie kwenye brasi.

Fundi akimaliza, mwombe akuachie ile spana ya pembe sita aliyokazia bawaba. Raba zile hulala kidogo baada ya wiki tatu nne, na skrubu zitahitaji kukazwa robo ya mzunguko. Dada yangu yake ameitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, na shemeji amekatazwa kuitumia kwa kazi nyingine.