Kukodi gari-nyumba na kuzunguka vijiji vya Ufaransa: tathmini ya familia moja ya Dar es Salaam

Kwa Mtanzania anayetaka kuiona Ufaransa ya vijijini, mbali na msongamano wa Paris, gari-nyumba, yaani gari moja lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake, ni chaguo ninalolipendekeza kwa sharti moja: alichague kwa ajili ya uhuru wa kulala vijijini, si kwa matumaini ya kubana matumizi. Ukijumlisha kodi ya gari, bima, dizeli na tozo za barabara kuu, hasa Julai na Agosti ambapo bei hupanda sana, hoteli za kawaida na gari dogo vinaweza kukugharimu kiasi hichohicho.

Maandalizi huanzia hapa nyumbani. Viza ya Schengen, ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 pamoja na uthibitisho wa mahali pa kulala, na hapo ndipo maswali huanza, kwa kuwa malazi yako yana magurudumu. Sisi tuliambatanisha mkataba wa kukodi gari na risiti za kambi tulizolipia mapema. Beba pia leseni ya kimataifa, na uulize kwa barua pepe kama dhamana hupokelewa kwa kadi ya mkopo pekee, maana kadi za benki ambazo wengi wetu tunazo ni za kutoa fedha zetu wenyewe.

Gari tulilopewa lilijengwa juu ya gari la mizigo aina ya Fiat Ducato, lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo aliyezoea kuona Coaster za Mbagala ataelewa ukubwa wake, ila hili ni pana zaidi. Lilikuwa safi na injini yake haikutusumbua. Makabidhiano ndiyo yaliyokuwa mabovu: mfanyakazi alitupitisha haraka kwenye swichi na mabomba kwa Kifaransa, akatukabidhi funguo na kuondoka, na usiku huohuo tukagundua kwamba mtungi wa gesi ulikuwa mtupu huku sufuria ya chai ikiwa haijapata hata joto. Kampuni inayotoza bei ile ina wajibu wa kupima mitungi kabla mteja hajafika.

Upungufu huo ulifidiwa na vijiji vyenyewe. Miji midogo mingi imetenga maegesho maalumu ya magari ya aina hii, mengine ya bure na mengine ya bei nafuu, yenye bomba la maji safi, shimo la kumwagia maji machafu na mahali pa kumwagia choo. Kazi hii ya choo haikwepeki: unafungua kijimlango ubavuni mwa gari, unachomoa tenki dogo lenye mpini, unalimwaga, unalisuuza na kulirudisha likiwa na dawa yake. Watoto wetu walilikimbia zoezi hilo kila siku.

Kilichonivutia zaidi ni mtandao wa France Passion, ambao wanachama wake hukaribishwa na wakulima na watengenezaji wa mvinyo kulala usiku mmoja bila malipo. Karibu na Rocamadour, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, tulipokewa na mfugaji wa mbuzi aliyetuonyesha kwa mkono pa kuegesha kando ya zizi, kisha akatuuzia jibini za duara, nyembamba na laini kiasi cha kupakwa kwenye mkate kwa kijiko. Hakuna anayekulazimisha kununua, ingawa kuondoka mikono mitupu kungekuwa utovu wa adabu.

Barabarani, dereva wa Dar anapaswa kujizoeza kukaa kulia, na kwenye kiplefti kuwapisha wanaotoka kushoto kwake. Barabara nyingi za vijijini zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na katika baadhi ya njia panda zisizo na alama, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita. Maegesho mengi ya magari madogo yana chuma cha kuzuia kimo karibu mita 2, kwa hiyo siku ya soko la Jumamosi pale Sarlat egesha nje ya mji wa kale na uingie kwa miguu. Kutoka hapo Montignac si mbali, ambako nakala ya pango la Lascaux, maarufu kwa michoro ya watu wa kale, ilifunguliwa mwaka 2016, kwa kuwa pango halisi lilifungwa kwa umma tangu 1963.

Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, na nyama ya halali ni rahisi kuipata mijini kuliko vijijini. Unga wa sembe tuliobeba uliingia bila shida, lakini nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi. Siku ya kurudisha gari, jaza dizeli, mwaga matenki yote ya maji na choo na upige picha kila upande mbele ya mfanyakazi. Sisi tulifanya hivyo, na dhamana yetu ilirudi kamili.